Kabla ya kulaumu ulimi, kagua maiki

Mjomba wangu alifundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa miaka 34, na kilichomjengea jina ni imla. Alisimama mbele ya darasa, akasoma sentensi mara mbili, ya tatu hasomi, watoto wakaandika. Leo ana miaka 77. Macho yameingia mtoto wa jicho, vidole vinatetemeka, na ana historia ya ukoo anayotaka kuiacha kwenye karatasi kabla haijaondoka naye. Binti yake akamnunulia kompyuta mpakato. Mimi nikamwekea programu ya kuandika kwa sauti, nikamwonyesha alama ya maiki ya kubonyeza, nikarudi Dar es Salaam nikijiona nimetenda jambo.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "mwanafunzi wako huyu ni kiziwi."

Nikamwuliza kimeandikwa nini. Akanisomea polepole, herufi zikiwa zimekuzwa hadi zinajaza kioo. Yeye alisema "baba yangu alizaliwa Pangani". Kwenye ukurasa pametokea habari za refa na ofsaidi. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema maneno yaliyonifanya nikakate tiketi ya basi: "Labda ni ulimi wangu. Meno yamepungua, na Kiswahili chetu cha huku si kile cha redioni."

Mtu aliyewafundisha watoto wa vijiji kadhaa kuandika Kiswahili sasa anaiomba radhi kompyuta kwa matamshi yake. Hilo ndilo lililoniudhi, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nimeliona kwa wengi baada ya hapo: wakili anayejaribu kusoma hati kwa sauti, mama anayeuza vitenge mtandaoni, mwanafunzi aliyevunjika mkono. Mashine ikikosea, mtu wa kwanza kushitakiwa ni msemaji, na mwendesha mashitaka ni yeye mwenyewe. Anakaza sauti, anajaribu kuiga watangazaji. Mwishowe anahamia Kiingereza au anaifunga kompyuta.

Nilipofika Tanga, baada ya shikamoo na marahaba na chai, nilikuta jambo la kuchekesha kuliko nilivyotarajia. Mjukuu alikuwa barazani na wenzake, hedifoni za Bluetooth zimening'inia shingoni. Asubuhi ya siku niliyopigiwa simu alikuwa ameziunganisha na kompyuta ya babu yake ili asikilize muziki, na hakuziondoa. Kompyuta, kama zilivyo nyingi, ikiona maiki mpya imeunganishwa huihamia bila kuuliza. Kwa hiyo mzee alikaa sebuleni akisimulia habari za baba yake, na mashine ikaandika kwa uaminifu kabisa mabishano ya Simba na Yanga yaliyokuwa yakiendelea nje. Kompyuta ilikuwa inasikia vizuri sana, ila ilikuwa inamsikia mtu mwingine.

Mjomba alipoelewa, alisema neno ambalo sijalikuta kwenye mwongozo wowote wa kompyuta. "Kwenye imla," alisema, "kuna mtoto asiyesikia na kuna mtoto asiyejua neno. Wote wawili wanakosea, ukitazama daftari huwezi kuwatofautisha. Wa kwanza unamsogeza mbele. Wa pili unamfundisha." Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humchapa mtoto kiziwi na kumsogeza mbele mtoto mjinga, na wote wanabaki walivyo.

Tuanze na yule asiyesikia, kwa sababu ndiye wa kawaida zaidi na ndiye rahisi kutibu.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kugusa kitu kingine. Funga programu ya kuandikia. Fungua kinasa sauti cha kawaida kilichomo kwenye kompyuta, rekodi sentensi mbili, kisha sikiliza. Usiposikia chochote, au ukisikia mtu wa mbali kama anazungumza ndani ya pipa, basi kesi imekwisha: wewe binadamu hujielewi, mashine itakuelewaje? Hapo hakuna cha lafudhi wala meno. Lakini rekodi ikitoka safi, na bado maneno yanaandikwa ovyo, unayo hukumu ya aina nyingine, na nitaifikia.

Rekodi ikiwa kimya kabisa, au programu ikiwa haiandiki neno lolote, mara nyingi ni ruhusa. Kivinjari huuliza mara moja tu kama tovuti iruhusiwe kutumia maiki; ukibonyeza hapana kwa haraka ya kuondoa kisanduku, hakitauliza tena, na utabaki unaongea na ukuta. Dawa yake iko kwenye alama ndogo kando ya anwani ya tovuti, juu kabisa. Windows nayo ina swichi yake ndani ya mipangilio ya faragha, ambayo ikizimwa hakuna programu inayopata sauti. Kompyuta nyingine zina kitufe cha kuzima maiki kwenye safu ya juu ya kibodi, chenye kitaa kidogo ambacho hakuna anayekitazama. Nimewahi kumwona mtu akifuta programu nzima na kuiweka upya kwa sababu ya kitaa hicho.

Rekodi ikiwa mbovu, angalia chumba kabla ya kompyuta. Sebule ya mjomba ina sakafu ya saruji, kuta tupu, na pangaboi juu ya kichwa. Sisi watu wa pwani hatulisikii tena pangaboi, masikio yameshalisamehe. Maiki haijalisamehe. Tulilizima, tukatandika mkeka, tukashusha pazia, na sauti ikabadilika kabla hatujagusa mpangilio wowote. Mvua ikipiga bati, acha, kanywe chai.

Halafu kuna suala la ukubwa wa sauti, na hapa watu hukosea upande usiotarajiwa. Wanadhani tatizo ni sauti ndogo, kwa hiyo wanaisogeza maiki hadi inagusa midomo na kupandisha kipimo hadi mwisho. Sauti ikizidi hukatika vichwa vyake na kuwa mngurumo. Mwaka 2006 Microsoft walikuwa wakiwaonyesha watu uwezo wa kusikia wa Windows Vista. Mwonyeshaji aliamuru barua ianze kwa kumsalimu mama yake. Mashine ikaandika shangazi badala ya mama, na kila alipojaribu kufuta ikaongeza upuuzi mwingine juu ya upuuzi, ukumbi ukicheka. Baadaye ilielezwa kuwa kosa lilikuwa kwenye kipimo cha kupokea sauti: mashine ilikuwa imeikuza mno. Wenye mali yao wenyewe, kwenye lugha yao wenyewe, waliangushwa na kitu ambacho wewe unaweza kukishusha kwa kidole. Weka maiki kando ya mdomo, si mbele yake, umbali wa vidole vitatu au vinne, ili pumzi ya *p* na *b* ipite pembeni.

Na zile hedifoni za mjukuu? Tuliziunganisha tena makusudi, mjomba akizivaa mwenyewe. Zina jina kubwa na zilikuwa za bei. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko maiki ya kompyuta yenyewe. Hedifoni nyingi za Bluetooth haziwezi kupokea muziki wa ubora wa juu na kutuma sauti yako kwa wakati mmoja. Maiki ikiwashwa tu, zinashuka hadi hali ya simu. Katika ile hali ya zamani ya simu, sauti yote iliyo juu ya hezi 4,000 hukatwa, na huko juu ndiko *s* na *f* zinakotofautiana. Mjomba alisema "sisi wa ukoo huu". Mashine ikaandika "fisi wa ukoo huu". Ndugu waliokuwepo sebuleni hawajamaliza kulicheka hilo hadi leo. Kesho yake tulinunua hedifoni ya waya kwenye duka la vifaa vya simu, ile ya bei ya chini yenye maiki katikati ya waya, na fisi akatoweka.

Mengine nayapitia haraka. Programu nyingi hupeleka sauti kwenye kompyuta za mbali na kurudisha maandishi, kwa hiyo bando likiyumba maneno yanakatika mikia. Na hakikisha umechagua lugha: ukiiacha kwenye Kiingereza, "habari za asubuhi" itakuwa kitu ambacho hata Mwingereza hakijui. Baadhi ya programu zina Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, kila kimoja peke yake. Jaribu vyote viwili bila kuona haya ya uraia.

Basi mchana wa siku ya pili tulikuwa na rekodi safi kabisa. Na mashine ikaendelea kukosea.

Si kama mwanzo. Sasa ilikosea kama mtu. Mjomba alisema jirani yao wa zamani "anapanga nyumba ya babu". Ikaandikwa "ana panga nyumba ya babu", na mpangaji asiye na hatia akageuka mtu mwenye silaha. Alisema mama yake "ana paka mweupe", ikaandikwa "anapaka". Alitaja ng'ombe waliouzwa kwa shilingi elfu kumi na tano, ikaandika 10,005, na ng'ombe wenyewe wakapoteza alama yao ya king'ong'o. Hili la hesabu naisamehe mashine, maana hata binadamu huuliza. Aliposema "nukta" ili sentensi ifungwe, iliandika neno nukta. Majina ya Kibondei na Kizigua sitayasimulia. Ilikuwa kama karani wa mgeni anaandikisha wanakijiji.

Inafaa kujua kwa nini. Kwa upande mmoja Kiswahili ni lugha ya heri kwa imla: tunaandika tunavyotamka. Mwingereza ana maneno yanayosikika sawa na kuandikwa tofauti kwa mamia. Sisi hata pale ambapo wasemaji wa pwani wanatofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa wa porini, maandishi yameshaamua kutojali, kwa hiyo mashine haina cha kukosea. Ugumu uko kwingine. Uko kwenye mpaka wa neno, kama tulivyoona kwa panga na paka. Na uko kwenye kitenzi. Kutokana na *andika* tunapata nitakapokuandikia, hawakuandikiana, yaliyoandikwa, na mengine mengi ambayo msemaji huyaunda palepale bila kufikiri. Mashine huchagua neno kwa kukumbuka lilivyokaa na majirani zake katika maandishi na sauti ilizofundishwa. Umbo ambalo haijawahi kukutana nalo hulivunja vipande au kulibadilisha na la jirani linalofanana.

Huyu sasa ndiye mtoto wa pili, asiyejua neno. Na kutojua kwake kuna historia.

Mwaka 1952 maabara za Bell huko Marekani zilitengeneza mtambo ulioitwa Audrey. Ulitambua tarakimu tu, kuanzia sifuri hadi tisa, na ulifanya vizuri kwa sauti ya mtu uliyemzoea. Mwaka 1990 ikaja DragonDictate, kwa bei ya dola 9,000, na mtumiaji alilazimika kunyamaza kidogo kati ya neno na neno. Mjomba angempenda sana Dragon wa mwaka ule, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosoma imla: baba, yangu, alizaliwa, Pangani. Ilipofika 1997 programu ya kizazi kilichofuata ikaruhusu watu waongee mfululizo, lakini bado ulianza kwa kukaa chini na kuisomea kurasa ili ikuzoee wewe. Ilikuwa kero. Ila kulikuwa na adabu ndani yake: mashine ndiyo iliyojifunza ulimi wa mwenye nyumba.

Za leo hazikuombi uzisomee. Zimeshakula sauti za watu wengi kabla hujaziwasha, na zinakukuta wewe kama mmoja wa wale waliokwishasikika. Kama watu wa aina yako hawakuwemo, bahati mbaya. Na zimezoea usemi unaotiririka. Mjomba alipotumia sauti yake ya imla, akikata silabi kwa silabi, makosa yaliongezeka. Ushauri wa "sema polepole na kwa mkazo" unaotolewa kila mahali ni wa mashine iliyokwishakufa.

Ni nani waliosikika? OpenAI walipotoa mfumo wao wa Whisper mwezi Septemba 2022, walieleza kuwa umefundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Hiyo ni miaka 77 na ushee ya kusikiliza usiku na mchana bila kulala, yaani umri wa mjomba wangu tangu siku aliyozaliwa. Sasa, katika hizo, sauti ya Kiswahili iliyoambatana na maandishi yake ya Kiswahili ilikuwa saa 5 na kitu. Ni muda wa basi langu kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, bila kuhesabu kusimama Chalinze. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, pamoja na Kiamhari, na tangu hapo mambo yamesonga kwa kampuni mbalimbali. Lakini mtoto aliyesikiliza lugha kwa safari moja ya basi hawezi kunihukumu mimi lafudhi.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa wasemaji wa Kiingereza wa Marekani. Kwa Wamarekani weupe mifumo ilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi, 35. Ni nchi ileile, lugha ileile, na wasemaji waliozaliwa nayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kagua maiki kwa bidii zote, kwa sababu nusu ya aibu tunazojibebesha ni waya na ruhusa. Rekodi ikishakuwa safi, acha kujirekebisha. Usiseme kama mtangazaji. Usibadilishe jina la kijiji chako liwe jepesi kwa mashine. Sahihisha maandishi, si kinywa.

Na mtoto asiyejua neno tumfundishe. Mozilla wana mradi uitwao Common Voice, ambao tangu 2021 umeweka nguvu ya pekee kwenye Kiswahili: mtu anasoma sentensi fupi, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na sauti hizo zinawekwa wazi kwa yeyote. Najua pingamizi. "Yeyote" ni pamoja na kampuni tajiri, zitakazochukua bure kisha zituuzie. Ni kweli, na siwezi kukuambia halinikeri. Lakini na mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret mwenye wazo na asiye na mtaji naye anachukua bure, na bila sauti hizo yeye ndiye wa kwanza kukwama. Kampuni kubwa zinaweza kununua sauti zikitaka, yeye hawezi.

Tena kuna hazina ambayo haihitaji mtu yeyote kusoma sentensi moja. Bunge la Tanzania hujadiliana kwa Kiswahili, hurushwa hewani, na kila linalosemwa huandikwa kwenye Taarifa Rasmi, zile tunazoziita Hansadi. Fikiria kilichomo: mbunge wa Kagera, wa Mara, wa Mtwara, wa Pemba, kila mtu na ulimi wa kwao, wamekasirika, wanataniana, wanataja majina ya kata na fedha za kila aina, na maandishi yake yameshaandaliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Yamesafishwa kidogo, sawa, lakini sauti na andiko vipo vyote viwili. Ofisi ya Bunge ikizioanisha rekodi na Hansadi zake na kuziweka wazi, mashine itasikia lafudhi za nchi nzima kwa wingi ambao hakuna mradi wa kujitolea utakaoufikia. BAKITA, ambayo imeilea lugha hii tangu 1967, ndiyo ingefaa kulibeba ombi hilo hadi Dodoma. Mimi naliomba hapa.

Kwa sasa mjomba amefika ukurasa wa 38, ndani ya mwaka 1961. Pangaboi limezimwa, maiki ya waya iko kando ya mdomo, na jioni mjukuu hukaa naye kurudisha alama za ng'ombe na kutenganisha *ana* na *panga*. Nilimpigia juzi kumwuliza mwanafunzi anaendeleaje. Akasema ukurasa wa mwisho ulikuwa na makosa 11. Darasa la tatu, akasema, kwa makosa 11 walikuwa wanarudia.